Utatuzi wa matatizo katika ulezi wa vijana kwa njia ya farasi: dalili, sababu zake na hatua za kuchukua

Mwongozo huu unawahusu walezi wanaofanya kazi ya farasi pamoja na vijana walio katika mazingira hatarishi: wa umri wa miaka 12 hadi 18, walioacha shule, waliotoka mitaani au mahabusu ya watoto, waliofiwa na wazazi, au waliokulia katika nyumba zenye kipigo. Kazi hii ina historia. Huko Compton, California, Mayisha Akbar alianzisha mwaka 1988 kundi la vijana wapanda farasi katika mtaa wa Richland Farms ili wapate pa kwenda badala ya kuangukia magenge. Brixton, kusini mwa London, Ebony Horse Club imekuwa na vijana wa mtaa huo tangu 1996, na katika mazizi ya Fletcher Street, Philadelphia, wazee wa mtaa wamewafundisha watoto kutunza farasi kwa vizazi kadhaa. Kwetu Afrika Mashariki farasi ni wachache, na wengi wao wako nyanda za juu, kwa kuwa ndorobo na magonjwa huwasumbua zaidi sehemu za chini zenye joto. Hata hivyo, malalamiko ya walezi yanafanana kote, na ndiyo yaliyopangwa hapa kwa dalili, kuanzia sababu inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra.

Utaratibu wa kuchunguza ni mmoja kwa kila dalili. Mchunguze farasi kwanza, kisha mpangilio wa kazi (saa, chakula, nauli, idadi ya watu), kisha jitazame wewe mlezi, na kijana umwache mwisho. Walezi wengi huanza na kijana, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu kijana wa aina hii amezoea kuwa wa kwanza kulaumiwa, na akiona hata zizini mambo ni yaleyale hatakuwa na sababu ya kurudi. Ipo sababu ya pili, ya kiusalama: farasi ana uzito wa kilo 400 hadi 550, na maumivu yake yasipotambuliwa mapema humwumiza mtu.

Kila mlezi anapaswa kuzijua hali za kawaida za farasi mzima aliyepumzika, yaani mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16 kwa dakika, na joto la mwili la nyuzi 37.5 hadi 38.5. Ajue pia kwamba farasi huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kofia ngumu, viatu vilivyofunika vidole, na watu wazima wawili kiwanjani ni masharti yasiyo na mjadala, na kamba ya kuongozea haizungushwi mkononi hata mara moja, kwa kuwa farasi akikurupuka kamba iliyozungushwa inaweza kukata vidole.

Farasi anamkataa kijana: analaza masikio nyuma, anauma, anatishia teke au anaondoka

Hili ndilo lalamiko linaloletwa mara nyingi zaidi, na huletwa kwa maneno yaleyale: "farasi hampendi huyu mtoto." Karibu kila mara chanzo kiko kwingine.

Anza na maumivu. Pitisha vidole kwa mkandamizo mdogo pande zote mbili za uti wa mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Farasi akididimiza mgongo, akigeuka kukutazama au akipiga mkia, tandiko linambana au limemchubua. Tazama chini ya mkanda wa tumboni na kwenye pembe za mdomo panapokaa lijamu. Inua kila mguu, safisha ukwato, tafuta jiwe au harufu ya kuoza, na ulinganishe joto la kwato zote nne kwa kiganja. Kwato zinahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na mara nyingi zizi lisilo na fedha huanza kuokoa gharama hapo. Farasi anayedondosha chakula anapotafuna, au anayekataa kuvishwa hatamu, ana tatizo la meno mpaka ithibitishwe vinginevyo. Farasi wa mbio waliostaafu, ambao hupatikana karibu na Nairobi kwa sababu ya uwanja wa Ngong, huja na majeraha ya zamani ya migongo na miguu, na upole wao wa siku ya kwanza usikufanye uache kuwakagua.

Sababu ya pili ni uchovu. Farasi mmoja anayepitishwa mikononi mwa vijana wanane kwa siku, kila mmoja akimpiga brashi mahali palepale, atalaza masikio hata kama ana afya njema. Mpe siku kamili ya mapumziko pamoja na farasi wenzake malishoni, na upunguze idadi. Kama anapandwa, mpandaji na tandiko kwa pamoja wasizidi asilimia 20 ya uzito wake, yaani farasi wa kilo 450 asibebe zaidi ya kilo 90.

Tatu, chakula cha mkononi. Vijana hupenda kuleta karoti na vipande vya miwa, na kwa wengine huo ni ukarimu wa pekee walio nao. Ndani ya wiki chache farasi hujifunza kupekua mifuko, kisha kuuma. Usimkemee kijana aliyeleta zawadi. Mwambie aiweke katika ndoo ya chakula, mahali pamoja, mwisho wa kazi.

Mambo hayo yote yakishaondolewa, ndipo utazame mwili wa kijana na namna anavyomwendea mnyama. Je, anakuja moja kwa moja usoni au kutoka nyuma? Anashika kamba karibu sana na kidevu cha farasi? Amebana pumzi? Imepimwa na watafiti kwamba mapigo ya moyo ya farasi hupanda pale mtu anayemwongoza anapotarajia jambo la kushtua, hata kama jambo lenyewe halitokei. Kwa hiyo kijana anayesubiri kuumwa humtia farasi wasiwasi ambao kijana mwenyewe atauona kama uthibitisho kwamba hatakiwi. Mrekebishe bila kumweleza kwamba "anaogopa": mwambie atembee sambamba na bega la farasi, atoe pumzi kwa sauti, na ahesabu hatua hadi ishirini. Kazi ya miguu hushusha mabega kuliko nasaha yoyote.

Kwa wenzetu wa Lamu, ambako punda ndiye mbebaji wa kila kitu na ambako zahanati ya punda imekuwepo tangu 1987, uchunguzi huu unafaa pia, kwa tahadhari moja. Punda akiogopa au akiumwa mara nyingi husimama kimya pale farasi angekimbia, na ukimya wake hudhaniwa kuwa ni utulivu au ukaidi. Punda aliyeacha kula, au aliyeinamisha kichwa mbali na wenzake, anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Simamisha kazi na umwite daktari wa mifugo bila kusubiri ukiona farasi anajitazama ubavuni, anakwaruza ardhi, anajilaza na kuinuka, anabiringika, au anatokwa jasho bila kazi. Huo ni msokoto wa tumbo, nao unaweza kumwua kwa muda wa saa chache. Ondoa chakula, na usimwachie kijana kazi ya kumshika. Simamisha pia ukiona tabia imebadilika ghafla pamoja na kutoka mate, kuyumba au kushindwa kumeza, kwa kuwa kichaa cha mbwa huwapata farasi na punda pia. Mtu yeyote asitie mkono mdomoni mwake. Aliyeumwa, au aliyeguswa na mate kwenye kidonda, aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na afikishwe hospitali siku hiyo.

Kijana hataki kumkaribia farasi

Sababu kubwa ni hofu ya kawaida, na haina aibu yoyote. Mtu ambaye hajawahi kugusa mnyama mkubwa kuliko mbuzi ana haki ya kusitasita mbele ya farasi. Mpe kazi iliyo nje ya uzio, kama kujaza maji (farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na kuzipima ni kazi ya maana), kupima nyasi kavu au kuandika daftari la zizi. Farasi aliye huru malishoni mara nyingi husogea mwenyewe kumtazama mtu asiyemtaka kitu, na mkaribiano wa kwanza ukitoka kwa farasi una nguvu kuliko uliolazimishwa na mlezi.

Sababu ya pili ni macho ya wenzake. Mvulana wa miaka 15 aliyejijengea jina mtaani hawezi kumudu kuonekana anarudi nyuma mbele ya kundi. Mwite peke yake, nusu saa kabla ya wengine, bila kutangaza.

Wasichana wana sababu mbili ambazo walezi wanaume huchelewa kuzigundua. Moja ni mavazi. Anayevaa hijabu hutaka kujua kama kofia ngumu itakaa juu yake, na mzazi hutaka kujua kama binti ataambiwa aivue. Hijabu nyembamba iliyobana kichwa inakaa vizuri chini ya kofia. Mwaka 2019 Khadijah Mellah, msichana aliyejifunza kupanda kwenye klabu ile ya Brixton, alishinda mbio za farasi za Magnolia Cup huko Goodwood, Uingereza, akiwa amevaa hijabu yake. Waeleze wazazi habari hiyo, maana inawatuliza kuliko ahadi. Sababu nyingine ni hedhi katika zizi lisilo na choo chenye mlango wala maji. Jenga choo kabla ya kununua tandiko la pili.

Wachache wana mzio wa manyoya au vumbi la nyasi. Kijana anayekohoa, anayefura macho au anayebanwa na kifua aondolewe mara moja na apelekwe zahanati, na asirudishwe mpaka mhudumu wa afya aseme.

Kijana anampiga farasi, anamvuta lijamu kwa nguvu au anamfokea

Hatua ya kwanza haina uchunguzi. Mchukue farasi, kwa utulivu, na umtoe. Usimnyang'anye kijana kamba kwa ghadhabu, kwa kuwa hapo mtakuwa watu wawili mnaotumia nguvu, naye atajifunza kwa yule mkubwa. Sema maneno machache: "Leo farasi anapumzika. Wewe kaa hapa nami." Kisha kaeni kweli.

Mara nyingi chanzo ni kutoelewa: kijana ameona saisi (mtunza farasi wa zizi) au mpandaji mwingine akimpiga farasi, na anadhani ndivyo inavyofanywa. Kwa hiyo watazame wafanyakazi wa zizi kabla ya kuzungumza na kijana. Saisi hodari ni hazina katika kazi hii, na vijana humsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mwenye cheti, lakini saisi anayetumia fimbo huibomoa programu nzima kwa asubuhi moja. Chanzo cha pili ni kushindwa. Farasi amekataa kusogea, wenzake wanatazama, na kijana hana njia nyingine aliyofundishwa. Hapo tatizo ni kazi iliyokuwa nzito kuliko ujuzi wake. Irudishe hatua moja nyuma: badala ya kumpitisha farasi kwenye vizuizi, amfanye asimame, atembee hatua tatu, kisha asimame tena.

Chanzo cha tatu ni kizito zaidi, nacho ni kijana anayemfanyia farasi yale yaliyofanywa kwake. Utakitambua kwa maneno anayotumia, ambayo si ya umri wake, au kwa utulivu wa ajabu anaokuwa nao wakati anapiga. Usimfukuze, na pia usimrudishe kwa farasi kwa sababu tu ameomba radhi. Mpeleke kwa mnasihi au afisa ustawi wa jamii, na wakati huo umpe kazi ya zizi isiyo na mnyama ili nafasi yake kati yetu isipotee. Kijana anayerudia kumwumiza mnyama kwa makusudi, na kuonyesha kufurahia, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Mlezi asijipe kazi hiyo hata kama anampenda sana.

Anakuja mara mbili tatu, kisha anapotea

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu walezi wengi husema kijana "hana nia," na neno hilo limefunga milango mingi ambayo ingefunguliwa kwa nauli tu.

Uliza kwanza kuhusu nauli. Mazizi yako nje ya mji na vijana wako mitaa ya ndani. Kijana anayeona aibu kuomba nauli atasema alikuwa na shughuli. Usimpe fedha mkononi mbele ya wengine. Lipia gari moja linalowachukua wote mahali pamoja, ili asiwepo anayejulikana kwamba hana. Pili ni njaa. Kazi ya toroli na reki bila kifungua kinywa ni adhabu. Uji na mandazi kabla ya kazi, kwa wote, wakiwemo walezi, hubadilisha mahudhurio kuliko hotuba. Wakati wa Ramadhani wanaofunga wapangiwe asubuhi mapema na kazi nyepesi, maana kubeba maji saa tisa alasiri juani kunamfanya kijana achague kati ya saumu yake na farasi, na hapaswi kuwekwa kwenye uchaguzi huo.

Tatu ni majukumu ya nyumbani. Kijana wa miaka 16 anayelea wadogo zake, au anayefanya vibarua ili nyumba ipate unga, hawezi kuja Jumanne saa nne. Kaa naye mtafute siku, au ukubali aje mara moja kwa mwezi bila kumhesabu kama mtoro.

Sababu ya nne ni mlezi mwenyewe. Fungua daftari la zizi: ni mara ngapi kipindi kimehamishwa, mlezi amechelewa, au farasi aliyeahidiwa hakuwepo? Vijana walioachwa na watu wazima mara kwa mara huacha wao kwanza wanapoona dalili za kuachwa. Kipindi kilichoahidiwa saa tatu kianze saa tatu, hata kama mvua inanyesha na kazi pekee ni kupaka mafuta hatamu chini ya paa. Kama huwezi kushika siku mbili kwa wiki, ahidi moja na uishike. Na kijana aliyekosa kuja apigiwe simu siku hiyohiyo, kwa sentensi isiyo na lawama: "Farasi amelishwa, tuliona hukuwepo, tunakutarajia Jumamosi."

Sababu ya tano hutajwa mara chache, lakini inauma. Kijana amehisi kwamba anatumikishwa. Akizoa samadi kila wiki kwa miezi mitatu na hajafundishwa kumkagua farasi, kumfunga kamba kwa fundo la kufunguka haraka, kutambua homa au kupanda, basi ana haki ya kuamini kwamba zizi limepata kibarua wa bure. Kusafisha ni sehemu ya kazi, na mlezi asafishe naye. Ila kila kipindi kiwe na ujuzi mmoja mpya unaotajwa kwa jina na kuandikwa katika daftari lake. Usaisi ni kazi yenye malipo katika mashamba na vilabu vya Kenya, na kijana aelezwe wazi ni ujuzi gani unahitajika ili aajiriwe akifikisha miaka 18.

Kutoweka kwa ghafla kwa kijana aliyekuwa anahudhuria vizuri ni jambo la namna nyingine. Mtafute ndani ya siku mbili kupitia mtu mzima aliyemleta. Ukisikia kwamba amekamatwa, amefukuzwa nyumbani, ameozwa au amechukuliwa na mtu asiyejulikana, mjulishe afisa wa watoto au polisi siku hiyo. Usiende peke yako kumtafuta mtaani usiku.

Hasemi neno

Ukimya katika zizi si kasoro, na mara nyingi ndicho kitu kilichomleta. Chunguza kama anasikia vizuri, kama lugha inayotumika anaielewa (vijana wakimbizi waliokulia Kirundi au Kinyarwanda huitikia kwa kichwa tu), na kama maswali yako ni mengi mno. Fanyeni kazi bega kwa bega, mkitazama farasi na si kutazamana. Ukimya unaoambatana na kukonda, kukosa usingizi, kujikata ngozi au maneno ya kutaka kufa hauwezi kusubiri: kijana asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Ugomvi katika kundi

Karibu kila mara wanagombea farasi mmoja mpole wakati wengine wawili hawatakiwi. Panga zamu kwa maandishi na uibandike ukutani, na mlezi asiivunje kwa ajili ya anayempenda. Ugomvi ukiendelea nje ya zizi, huenda umewaweka pamoja vijana wa magenge mawili. Watenganishe kwa siku. Ikionekana silaha, farasi watolewe, vijana watawanywe kwa utulivu, na polisi waitwe.

Ameng'ang'ania farasi mmoja, au amevunjika moyo farasi alipoondoka

Kushikamana na farasi mmoja ni dalili njema katika miezi ya kwanza. Huwa tatizo pale kijana anapokataa mtu mwingine asimguse, au anapokuja zizini usiku. Sababu ya kawaida ni kwamba hana kingine kinachomngoja. Usimtenganishe kwa ghafla. Mpe jukumu la kumfundisha kijana mgeni namna ya kumhudumia farasi huyo, ili upendo wake uwe na watu ndani yake.

Msiba mkubwa zaidi hutokea pale farasi anapouzwa, anapohamishwa au anapokufa, na watu wazima wakaamua "kuwaepusha" vijana na habari hizo. Kijana anafika Jumamosi, kibanda ni kitupu, na kila mtu anaangalia pembeni. Kwa aliyewahi kuzikiwa mzazi bila kuambiwa, huku ni kumrudishia siku ile. Mwambie mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajafika kwenye kibanda, kwa maneno ya wazi: amekufa, alikuwa na msokoto wa tumbo, daktari alifika, hakukuwa na dawa ya kumponya. Usiseme "amelala" wala "amekwenda shambani." Aulizwe kama anataka singa za shingo au mkia. Aruhusiwe kulia, na aruhusiwe pia kutolia.

Uhamisho unaojulikana mapema utangazwe wiki kadhaa kabla, na kijana ashiriki: aandike ukurasa mmoja kuhusu tabia za farasi huyo kwa ajili ya atakayempokea, anapenda kukunwa wapi, anaogopa nini, mguu upi huinua kwa shida. Mwisho wa programu hushughulikiwa vivyo hivyo. Tarehe ya mwisho ijulikane tangu siku ya kwanza, na isisogezwe nyuma kwa kimya. Fedha za mfadhili zikikatika ghafla, fanya angalau kipindi kimoja cha kuagana, hata kama gharama yake itatoka mfukoni mwa walezi.

Ni hodari zizini, lakini nyumbani na shuleni hakuna kilichobadilika

Tuseme ukweli: tafiti nyingi kuhusu kazi hii zimefanywa kwa makundi madogo, na hakuna anayeweza kumwahidi mzazi kwamba farasi atamrudisha mtoto darasani. Sababu inayotangulia zote ni kwamba nyumbani na shuleni hakuna kilichobadilika kwa upande wa watu wazima. Kijana amejifunza kutulia mbele ya mnyama anayeitikia utulivu, kisha anarudi kwa mjomba asiyeitikia chochote. Mwalike mlezi wa nyumbani, bibi, mjomba au kaka, aje atazame kipindi kimoja, na kijana ndiye amwongoze kuzunguka zizi. Mara nyingi hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu wa nyumbani anamwona akiwa mjuzi wa kitu.

Sababu inayofuata ni kwamba hatukumsaidia kijana kuuona ujuzi wake. Baada ya kazi, kabla ya gari kuja, uliza swali moja la hakika: "Farasi alipogoma pale kwenye lango, ulifanya nini?" Mwache aeleze. Kisha uliza ni wapi kwingine wiki hii alikutana na lango la namna hiyo. Usimjibie. Pale ambapo kijana anashindwa kusoma au kuhesabu, omba shule au hospitali impime, kwa kuwa tatizo la macho, la kusikia au la kujifunza haliwezi kutibiwa zizini.

Amekueleza kwamba anaumizwa

Vijana husema mambo mazito wakiwa wanapiga brashi, kwa sauti ya kawaida, bila kukutazama. Usisimamishe kazi kwa mshtuko. Endelea na brashi yako, sikiliza, na usihoji kwa undani: nani, wapi na mara ngapi ni maswali ya wataalamu, na maswali mengi ya mlezi yanaweza kuharibu ushahidi na kumchosha kijana kwa kurudia. Usiahidi siri. Sema: "Nimekusikia na ninakuamini. Kuna mtu mmoja ambaye lazima nimweleze ili usiendelee kuumizwa, na nitakuwa nawe." Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na saa na tarehe, uyafungie mahali salama, na usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la walezi.

Mjulishe afisa wa watoto au afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Simu ya watoto ni 116, nayo ni ya bure nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Kama kumekuwa na ubakaji, afike hospitali haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazitolewi baada ya hapo. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo zake zihifadhiwe katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki. Kama anayetuhumiwa ni mfanyakazi wa zizi au mlezi mwenzako, aondolewe kwenye eneo la vijana mara moja, kabla ya uchunguzi kuanza, na asijulishwe ni kijana gani aliyesema. Kipindi kijacho cha kijana huyo kisifutwe. Jina lake libaki kwenye zamu iliyobandikwa ukutani, na farasi wake awe tayari saa ile ile.